Sarakasi ya Ringi: Jifunze Kushuka Kabla ya Kupanda

Bila shaka umewahi kumwona mwanasarakasi akijipinda ndani ya ringi ya chuma iliyoning'inizwa hewani. Watu hupiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Taabu ni kwamba wadogo zetu huyaona hayo kwenye simu, halafu jioni wanaenda kujitundika kwenye goli la kandanda. Goli ambalo halikuchimbiwa ardhini likimwangukia mtoto linaweza kumuua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sarakasi si jambo geni kwetu. Sarakasi Trust ilianzishwa Nairobi mwaka wa 2001, na jumba lake la Ngara zamani lilikuwa sinema iliyoitwa Shan. Vijana wengi waliopitia huko hawakujifunza kwa kubahatisha, walikuwa na wakufunzi. Mimi pia hujifunza kila Jumamosi hapa Thika chini ya mkufunzi, nami nitaeleza zoezi moja tu: kuning'inia kwa magoti.

Kwanza, vifaa. Mkufunzi hukagua kamba, vyuma vya kufungia na mwamba wa juu kila siku kabla ya mtu yeyote kupanda. Kwa nini? Ulizeni walimu wa fizikia. Mtu wa kilo 50 akibembea kutoka mahali ambapo kamba imelala sawasawa na ardhi, akifika chini kabisa kamba huvutwa kana kwamba imebeba kilo 150. Tawi la mwembe haliwezi kuaminiwa hivyo! Godoro nene nalo sharti liwe chini, na ringi ishushwe hadi kifuani mwa mwanafunzi.

Pili, mwili. Vua pete, bangili na herini. Pasha mwili moto dakika 10, hasa viwiko, mabega na vifundo vya mikono. Shika chuma kwa kiganja chote, kidole gumba kikizunguka upande wa pili.

Tatu, kushuka. Hapa ndipo wengi hushangaa. Kabla ya kupanda, tunashika ringi, tunakunja magoti hadi kifuani, kisha tunateremsha miguu polepole bila kujitupa. Tunarudia mara 5. Asiyeweza kushuka polepole, basi leo hapandi.

Nne, kuning'inia kwenyewe. Pitisha miguu katikati ya mikono, ning'iniza magoti kwenye chuma, vuta visigino kuelekea makalioni. Mikono ingali imeshika! Rudi chini. Ukiweza hivyo mara kadhaa, achilia mkono mmoja, kisha wa pili, hadi viganja viguse godoro. Kizunguzungu kikianza, mikono ikifa ganzi au kiungo kikichoma, sema "nashuka" na ushuke. Hakuna atakayekucheka.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wao walikuwa wakimsema mwenye kiburi, lakini kwetu sisi methali hii ni kazi ya msaidizi. Yeye husimama kando, mkono mmoja ukibana miguu ya aliye juu isiteleze, wa pili ukiwa tayari chini ya mabega. Kazi yake kubwa ni kulinda kichwa na shingo. Msaidizi hapigi soga wala hatazami simu. Nami nakiri kwamba kazi hii naipenda kuliko kupanda, kwa sababu shingo ya mwenzangu imo mikononi mwangu.

Na mtu akianguka kwa shingo au mgongo? Msimwinue, msimketishe, msimpe maji. Mwambieni asijitingishe, mmoja akishikilia kichwa chake kilivyo, mwingine akimbilie mwalimu. Nambari ya gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu nchini Kenya ni 1199, na kuipiga ni bure.

La mwisho ni kwenu wakubwa wa vidato vya juu. Mdogo akikuomba umfunze, usimfunze kwenye goli hata akikubembeleza vipi. Mlete kwa mkufunzi, umwonyeshe kushuka kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu asiyesema naye ana lawama.