Gari Likisimama, Mafuta Hayasimami

Mkazi aliyeketi ndani ya daladala kwenye foleni huhesabu dakika anazopoteza. Mtaalamu wa barabara huhesabu pia mafuta yanayoteketea. Kwa kutumia kielelezo cha kihesabu, huweza kukadiria, kabla ya taa kubadilishwa au tuta kujengwa, ni mpango upi utakaopunguza hasara.

Kielelezo rahisi hujumlisha mafuta ya hali tatu: gari likiwa katika mwendo wa kawaida, gari likisubiri huku injini inawaka, na gari linaposimama kisha kurudia mwendo wake.

Hali ya tatu ndiyo husahauliwa. Gari dogo la kilo 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 116. Dereva akifunga breki, nishati hiyo hugeuka joto na kupotea, na injini hulazimika kuizalisha upya. Lita ya petroli ina takriban megajuli 32. Tukichukulia kuwa robo yake tu ndiyo husukuma gari, kila kusimama hugharimu takriban mililita 15. Gari hilohilo, ikiwa hutumia mililita 800 kwa saa linaposubiri, huteketeza mililita 13 kwa dakika. Hivyo, kusimama mara moja hugharimu mafuta kupita kusubiri dakika nzima. Basi la tani 12 hupoteza nishati mara 10 zaidi ya gari hilo, na gharama ya mafuta ni sehemu ya nauli.

Kwa sababu hiyo, programu ya TRANSYT, iliyobuniwa Uingereza na Dennis Robertson katika miaka ya 1960, hupanga taa kwa kupima muda wa kuchelewa pamoja na idadi ya kusimama. Taa mbili zikiwa umbali wa mita 500, gari la kilomita 50 kwa saa hufika taa ya pili baada ya sekunde 36. Taa hiyo ikiwaka kijani wakati huo, safari huendelea bila breki. Jijini Dar es Salaam, Daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 katika makutano ya TAZARA, huwapitisha juu wanaofuata Barabara ya Nyerere bila kusimama.

Hesabu hii haiamui kila jambo. Tuta lililo mbele ya shule hulinda uhai wa watoto, na uhai haupimwi kwa mililita. Bali pale penye hiari, wakazi wanaweza kufika kwenye mkutano wa mtaa wakiwa na takwimu: magari mangapi hupita kwa saa, mangapi husimama, na kwa sekunde ngapi. Malalamiko yenye hesabu ni rahisi kufanyiwa kazi.