Gari la Zamani na Barabara za Ngara: Kuchagua Rimu, Tairi na Mkao wa Nyuma

Kijitabu cha elimu kwa wenye magari na mafundi wa wilaya za Ngara na Biharamulo

Barabara ya lami inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga na Nyakahura hadi mpaka wa Rusumo haina usingizi. Malori yenye mizigo ya Rwanda na Burundi huipita usiku na mchana. Katikati ya malori hayo na michomoko, yale magari madogo ya abiria, huonekana pia magari yenye umri mkubwa kuliko madereva wake: Land Rover 109, Peugeot 504, Land Cruiser za mfululizo wa 40, Hilux za miaka ya 1980.

Magari haya yana heshima yake. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi la Afrika Mashariki ndilo lililokuwa mtihani wa chuma. Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963 na kisha 1966 hadi 1968, na 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Oktoba 2024, jiji la Arusha lilifurika Land Rover kwa mamia katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya gari hilo peke yake. Anayelitunza gari la zamani Rulenge au Runazi ana wenzake wengi.

Lakini gari la zamani huchoka nyuma kwanza. Springi zikilegea, matako ya gari hushuka, na mwenye gari hukimbilia dawa mbili za haraka: tairi kubwa zaidi na spesa za kuinulia. Dawa zote mbili huficha ugonjwa. Kijitabu hiki kinashauri mpangilio mwingine wa kazi: kwanza mzigo na barabara, kisha springi, kisha tairi, na rimu mwisho, ingawa hapa springi zinaelezwa katika sehemu ya mwisho.

Mzigo na barabara

Gari la kutembelea mjini Biharamulo na gari la kushusha maharage na ndizi kutoka Murusagamba hayahitaji tairi za aina moja. La kwanza hukaa kwenye lami muda mwingi. La pili hupanda milima ya udongo mwekundu ambayo wakati wa mvua huteleza kama sabuni, na kiangazi huota rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana vinavyotikisa gari hadi nati zinalegea.

Kwa gari la pili, tairi yenye kashata nene na ubavu mrefu ndiyo inayofaa. Ubavu mrefu humeza mshtuko wa jiwe kabla haujafika kwenye rimu. Tairi nyembamba ya ubavu mfupi kwenye rimu kubwa inayong'aa hupendeza machoni, lakini shimo moja la barabarani linatosha kupinda rimu na kupasua tairi.

Kusoma ubavu wa tairi

Maandishi ya ubavuni yanasema mengi kuliko muuzaji. Chukua tairi iliyoandikwa 185/70 R14 88T. Namba 185 ni upana kwa milimita. Namba 70 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni radiali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 88 inaonyesha kwamba tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 560, na T ni mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Tairi ya namba 82 hubeba kilo 475 tu, na ile ya 185 R14 C inayotumika kwenye Hiace, yenye namba 102, hubeba kilo 850.

Sasa hesabu. Peugeot 504 ya saluni ilitoka kiwandani na tairi za 175 R14. Tairi ya zamani isiyo na asilimia huhesabiwa kuwa na ubavu wa takriban asilimia 80, kwa hiyo kimo chake chote ni kama milimita 636. Akifunga 185/70 R14, ambayo hupatikana kwa urahisi kwa sababu magari madogo mengi ya Kijapani huitumia, mwenye gari atapata kimo cha milimita 615. Gari litashuka kwa sentimita moja hivi, na spidomita itaonyesha 83 wakati mwendo halisi ni 80. Tairi ya 185 R14 C inaongeza kimo cha asili kwa milimita 16 na nguvu ya kubeba, ila mbavu zake ni ngumu. Gari likiwa tupu litarukaruka.

Upande wa Land Rover 109, habari ni njema. Tairi yake ya asili, 7.50-16, ni saizi inayofungwa pia kwenye Canter, na Canter zipo kila gulio. Kitu cha kuangalia ni plai: tairi ya plai 14 imetengenezwa kwa ajili ya lori, na chini ya Land Rover isiyo na mzigo itagonga kama gurudumu la mbao. Wanaopenda 235/85 R16 wanapata kimo kinachokaribiana na hicho, milimita 806, lakini tairi hiyo inataka rimu yenye upana wa kuanzia inchi 6, na rimu nyingi za zamani za 109 zina inchi 5 na nusu.

Mwisho wa kusoma ni tarehe. Baada ya herufi DOT huwa kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini imepita miaka kumi isifungwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Radiali na zile za kizamani ambazo nyuzi zake zimepita mshazari zisichanganywe kwenye ekseli moja. Ikilazimu gari liwe na aina zote mbili, radiali zikae nyuma.

Rimu

Matundu kulingana hakutoshi. Land Cruiser za mfululizo wa 40 na Hilux nyingi zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, lakini rimu mbili zenye duara hilo zinaweza kutofautiana kwa tundu la katikati, kwa umbo la kiti cha nati na kwa jinsi zinavyochomoza nje. Rimu inayochomoza sana, au iliyowekewa spesa kwenye hab, hugeuka kuwa wenzo: huzikamua beringi, na usukani huwa mzito. Nati ya rimu ya chuma isitumike kwenye rimu ya aloi bila kuhakikisha kwamba inakaa sawasawa kwenye kiti chake. Baada ya kufunga rimu yoyote, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100.

Mkao wa nyuma

Fundi mwenye futi kamba hahitaji mashine. Gari likae sehemu tambarare, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo sahihi. Apime kutoka katikati ya hab kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Kipimo hiki hakidanganywi na ukubwa wa tairi. Kinasoma springi peke yake. Pande mbili zikipishana kwa sentimita mbili au zaidi, alale chini atazame. Kwenye springi za vyuma bapa atafute kipande kilichopasuka, mara nyingi karibu na boliti ya katikati, na bushi zilizolika. Kwenye springi za koili, kama zile za 504 ya saluni, atafute koili iliyovunjika na kiti kilicholiwa na kutu.

Springi zilizochoka zibadilishwe au zikakunjwe upya na fundi anayeijua kazi, pande zote mbili kwa pamoja. Kuongeza kipande kimoja kwenye springi za bapa kunafaa kwa gari linalobeba mzigo kila siku. Kwa gari tupu kunaleta ugumu, na nyuma itahama njia kwenye rasta.

Kuinua kupita kimo cha asili kuna gharama zilizofichika. Shokapu ikifika mwisho wa urefu wake ndiyo inayobaki kuzuia ekseli, hadi ikatike. Paipu ya mpira ya breki ya nyuma huvutika. Propela hubadilika pembe na kuanza kutetemesha gari. Kwenye Hilux nyingi kuna vali iliyounganishwa na ekseli inayopima mzigo. Nyuma ikiinuliwa, vali huamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati gari limejaa magunia na linateremka mlima. Volkswagen za umbo la kobe za miaka ya 1950 na 1960 zina hatari nyingine: nyuma ikiinuka, magurudumu hujikunja ndani kwa chini, na kona kali inaweza kulipindua gari.

Kipimo cha mwisho hufanyika kwa jeki. Bodi inyanyuliwe hadi ekseli ining'inie na magurudumu yaelee, stendi imara zikiwa zimeshikilia chesisi. Fundi ashike paipu ya breki kwa vidole: ikiwa imekaza kama waya wa gitaa, gari limeinuliwa kupita kiasi, na lirudishwe chini kabla halijatoka gereji.

Nyuma ikishakaa sawa, taa za mbele zipimwe upya ukutani, maana kila sentimita ya nyuma huziinamisha au kuziinua, na kwenye barabara ya Rusumo dereva wa lori anayekuja usiku ndiye anayemulikwa machoni. Vipimo vya hab hadi bodi viandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Gari likirudi kutoka safari yake ya kwanza ya mzigo, vipimwe tena likiwa tupu. Kama kipimo kimeshuka sana, huenda springi zilizowekwa hazikuwa za chuma kizuri, na fundi arudishiwe gari mapema.