Mguu umepasuliwa: twende kwa ndege au kwa basi?

Shule inafunguliwa Jumatatu. Kijana wa kidato cha nne kutoka Bulyaga, pale Tukuyu, yuko Dar es Salaam kwa mjomba wake. Wakati wa likizo aligongwa na bodaboda, mfupa wa muundi ukavunjika, akapasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Leo ni siku ya tisa. Mtihani wa taifa umekaribia na yeye anataka kurudi nyumbani. (Kijana huyu tumemtunga ili tujifunze, ila wa aina yake wako wengi tu.)

"Mjomba, mimi nitakukatia tiketi ya ndege, utafika mapema," anasema mjomba mtu.

"Asante, mjomba. Lakini mama amepiga simu, anasema huko juu mshono utapasuka. Bora nipande basi."

Je, wewe msomaji ungemshauri nini?

Tuanze na hofu ya mama. Ndege ikiwa juu sana, hewa ndani yake huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Sasa linganisha: kilele cha Mlima Rungwe kiko karibu mita 2,960. Kwa hiyo abiria yuko chini kuliko mtu aliyesimama juu ya Rungwe! Mshono wa mguu haupasuki kwa sababu hiyo. Ila mama hajakosea kabisa. Hewa iliyonaswa mahali fulani hutanuka ndege inapopanda. Mguu uliofungwa hogo jipya unaweza kuvimba, nalo hogo halitanuki, basi mguu unabanwa na damu haipiti vizuri. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hutaka saa 24 zipite tangu hogo lifungwe kwa safari fupi, na saa 48 kwa safari ndefu, la sivyo hogo lipasuliwe kwa urefu.

Hatari kubwa iko kwingine, nayo haina habari na ndege wala basi. Ni kukaa.

Damu inayorudi kutoka miguuni inapanda mlima, na pampu yake ni msuli wa kigimbi. Ukitembea, msuli unaminya vena na damu inasukumwa juu. Ukikaa bila kucheza mguu, damu inazubaa. Aliyepasuliwa mguu ana mambo mawili zaidi: vena zake zimeumizwa, na mwili wake uko katika hali ya kugandisha damu haraka ili kuziba kidonda. Basi bonge la damu linaweza kujitengeneza ndani ya vena. Likibaki mguuni, mguu huvimba na kuuma. Likikatika na kwenda hadi kwenye mapafu, linaweza kuua mtu kwa dakika chache.

Jambo hili lilijulikana kabla watu wengi hawajapanda ndege. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walilala wameketi kwenye viti vya turubai ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson aliona vifo vya mabonge ya damu kwenye mapafu vikiongezeka, akaandika juu ya viti hivyo. Na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kwa muda wa saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza hatari hii karibu mara 2. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, mtu 1 kati ya 6,000 hivi. Kijana wetu hayumo katika hesabu hiyo, yeye ana mguu uliopasuliwa juzi.

Haya, tuhesabu saa. Dar hadi Tukuyu kwa basi ni karibu kilomita 900, saa 14 au zaidi, magoti yamekunjwa na kiti cha mbele kinakugusa. Kwa ndege hadi Songwe, kiwanja kilichoanza kazi mwaka 2012, ni kama saa moja na nusu. Halafu gari kupitia Mbalizi na Uyole hadi Tukuyu, saa mbili hivi, na hapo Uyole unaweza kushuka ukanyoosha mguu. Kwa hesabu ya kukaa, mjomba ameshinda.

Lakini swali la kwanza siyo ndege au basi. Ni kama asafiri sasa hivi! Hatari huwa kubwa wiki za mwanzo na huweza kuendelea hadi miezi mitatu. Nyuzi zenyewe hutolewa kama baada ya wiki mbili. Mimi naona heri akose vipindi vya wiki moja, amsubiri daktari aliyempasua amkague. Amuulize kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda (asichukue vidonge vya jirani). Aseme kama amewahi kuwa na bonge la damu au ana selimundu. Msichana aseme kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Aombe cheti cha kusafiri, maana shirika la ndege linaweza kumkatalia mlangoni. Aombe pia barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ili asirudi Dar kwa ajili ya kukaguliwa tu.

Akifika Bulyaga, shangazi atachemsha maji amkande. Hapo awe na msimamo, kwa heshima. Kigimbi kikivimba ghafla, kikiwa cha moto na kinauma, hata cha mguu usiopasuliwa, kisichuliwe wala kukandwa, kwani bonge linaweza kukatika. Aende Hospitali ya Makandana siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi, kifua kikichoma au akikohoa damu, atafutiwe gari hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Zoezi: Hesabu saa za kukaa kutoka kwenu hadi hospitali ya mifupa iliyo karibu. Ungesimama wapi na wapi njiani? Na shangazi ungemwambiaje?