USALAMA NA AFYA: Chombo cha kunyonya hewa katika radiateri, tuchague kipi?

Ndugu mfanyakazi, wewe mekanisiye wa garaji, na wewe shofere unayengoja gari lako pembeni, somo la leo ni lenu. Hatutasema juu ya kofia na viatu, hayo tumekwisha kuyasema mara nyingi. Tutasema juu ya chombo kidogo kinachotoa hewa katika radiateri na motere kabla ya kutia maji mapya.

Utaniuliza: mtu wa dispanseri anaingiaje katika vyombo vya garaji? Mkubwa mmoja wa garaji aliniuliza vilevile. «Munganga, siku hizi nawe unanunua vyombo?» Nikamjibu: «Hapana, papa. Mimi naagiza pomada ya watu walioungua. Ningependa niagize kidogo.»

Zamani, kabla sijafika hapa, nilimpokea mekanisiye aliyeungua shingo, kidevu na mkono wote wa kuume. Alikuwa fundi wa miaka mingi, si mwanafunzi. Walikuwa wamebadilisha radiateri ya gari dogo, wakatia maji, wakawasha motere huku kifuniko kikiwa wazi, naye akawa anaminya tiyo ya juu kwa mkono ili hewa itoke. Ndiyo namna aliyofundishwa, na ndiyo namna wengi wenu mnayofanya hata leo. Hewa ilitoka kweli, lakini ilitoka pamoja na maji ya moto. Jicho lake lilipona kwa sababu alikuwa ameangalia upande mwingine.

Tuelewe kwanza hewa inafanya nini ndani. Unapomwaga maji kwa mdomo wa radiateri, hewa haina njia nzuri ya kutoka. Inajificha katika kichwa cha motere, nyuma ya termostati, na katika tiyo za kupasha joto ndani ya gari. Pale penye hewa, chuma hakipoi. Maji ya karibu yanageuka mvuke. Na ikiwa kipima-joto cha motere kimekaa ndani ya hewa badala ya maji, sindano ya mbele ya shofere inadanganya: inaonyesha vizuri, kisha ghafula inapanda. Hapo shofere anasimama njiani na kufungua kifuniko.

Kwetu kuna jambo lingine. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1 400 kutoka usawa wa bahari. Maji katika sufuria ya mama hapa yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Ndani ya radiateri iliyofungwa, shindo la kifuniko linayazuia yasichemke hata yakipita digrii 100. Ukifungua, shindo linaondoka mara moja na maji yanachemka yote kwa pamoja. Ndiyo maana yanaruka mpaka usoni, hata kama motere imekwisha kuzimwa.

Chombo ninachosema kinageuza kazi yote. Motere inabaki baridi na imezimwa. Unafunga mdomo wa radiateri kwa mpira wa chombo, unanyonya hewa, kisha unafungua robine ya tiyo iliyotumbukizwa katika bidoni ya maji mapya. Utupu uliomo ndani unayavuta maji wenyewe mpaka kila pembe. Hakuna mtu anayeinama juu ya motere inayozunguka.

Sasa, uchague kipi? Viko vya aina mbili. Cha kwanza kinatumia hewa ya kompresere: hewa inapita kwa nguvu katika kitundu chembamba na kuvuta ile ya radiateri pamoja nayo. Hakina kitu kinachozunguka ndani, hivyo hakiharibiki upesi, na kinamaliza kazi ya gari dogo kwa dakika chache. Cha pili ni pompi ya mkono. Hicho ni cha polepole, na lazima kiwe na chupa ya kukamata maji yasiingie katika pompi. Kwa garaji yenye kompresere nzuri, mimi nasema chukueni cha kwanza. Cha mkono kifae kwa gari la msaada linalokwenda mbali porini. Na ile pompi ya umeme ya watu wa frigo na klima, iacheni kwa wenyewe. Maji ya radiateri yakiingia ndani yake, imekufa.

Kabla ya kununua, angalia mpira wa kufungia mdomo. Gari la Toyota na kamio kubwa havina mdomo mmoja. Chombo chenye mpira wa kipimo kimoja tu kitakaa katika kabati, na watu watarudi kwenye kazi ya zamani. Uliza pia kama mipira ya kubadilisha inapatikana, maana ndiyo inayochoka kwanza. Soma karatasi yake: vingi vinataka hewa ya karibu bari 6, na kompresere ndogo ya kujaza matairi inaweza kushindwa kuendelea bila kupumzika. Halafu tazama hewa inatokea wapi. Pale inapotoka, hutoka na ukungu wa maji ya zamani, na sauti yake ni kali. Chagua chenye tiyo ya kupeleka ukungu huo chini ndani ya bidoni, mbali na uso. Miwani na vizibo vya masikio bado ni vya lazima.

Juu ya sindano ya manometa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa watu watagombana. Vyombo hivi vinaandikiwa karatasi huko Ulaya na Marekani, kwa watu wanaokaa karibu na bahari. Karatasi inasema vuta mpaka bari 0,85 chini ya sifuri, au inchi 25 za zebaki. Lakini hewa yetu ya Kolwezi ina uzito wa karibu bari 0,85 tu yote nzima! Huwezi kuitoa yote. Chombo kizuri kabisa hapa kitafika karibu 0,72, yaani inchi 21, kisha sindano itasimama. Mekanisiye asiyejua atasema chombo ni kibovu, atakirudisha magazini, au atafungulia kompresere nguvu kupita kiasi. Sindano ikisimama hapo, funga robine na ungoje dakika chache. Isiposogea, hakuna tundu. Ikirudi nyuma, maji yasitiwe: kuna mahali panapovuja, tafuta kwanza. Tiyo za mpira zikibonyea wakati huo usiogope, zitajaa tena.

Kazi hii ifanywe juu ya motere baridi tu. Katika utupu huo maji yanachemka kwa digrii 50 na kidogo, kwa hiyo motere yenye joto itatoa mvuke na sindano haitakuambia ukweli. Bidoni nayo iwe na maji kupita yale yanayohitajiwa. Ikikauka katikati, chombo kitanyonya hewa na kazi yote imekuwa bure. Tiyo ya kuvutia ijazwe maji kabla ya kuanza, kwa sababu hiyohiyo. Kamio kubwa za mgodini zinakula mamia ya lita. Kwa hizo fuateni kitabu cha mtengenezaji.

Mtu akiungua hata hivyo, mvueni saa, pete na nguo iliyolowa ambayo haikushika ngozi. Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Msipake mafuta ya motere, wala dawa ya meno, wala unga. Funikeni kwa kitambaa safi na mlete. Jicho lioshwe vilevile kwa maji mengi.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaovuta maji ya radiateri kwa mdomo na tiyo. Antijeli nyingi zina etileni glikoli. Ni tamu, na ndiyo hatari yake, kwa mtoto na kwa mbwa pia. Mililita 100 hivi, yaani nusu ya kikombe, zaweza kumuua mtu mzima. Mwanzoni anaonekana kama amelewa, kisha anaweza kusema amepona. Baadaye anapumua haraka haraka, na baada ya siku moja au mbili figo zinafungwa. Usimtapishe. Usimngoje augue. Mpeleke lopitalo saa hiyohiyo, hata akikataa, na uchukue bidoni yenye karatasi yake ili munganga asome amekunywa nini. Maji ya zamani yanayotoka katika chombo yasiwekwe kamwe katika chupa ya bia au ya Fanta.