Daftari la mtoto mwenye hemofilia

Swali: Daktari, kijana wangu wa miaka tisa ana hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Tuko Masisi, mbali na hospitali. Niandike nini kila siku?

Jibu: Mama, daftari la shule linatosha. Kila asubuhi mguse magoti, viwiko na vifundo vya miguu: pana joto, pamevimba, anachechemea? Andika tarehe, saa, kiungo na alichokuwa akifanya. Akilalamika kabla ya uvimbe kuonekana, mwamini. Mara nyingi damu imekwisha kuanza kuvuja ndani. Zungusha uzi gotini, ufunge fundo, ulinganishe kesho yake.

Kwenye jalada andika kwa Kifaransa, herufi kubwa: ana hemofilia, asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini wala ibuprofeni. Hilo nalisisitiza kuliko yote. Malaria haikomi Masisi wala kwa jirani zenu wa Walikale, na muuguzi wa zamu asiyemjua mwanao anaweza kumchoma sindano ya malaria pajani, damu ijae humo. Dawa ya malaria ipitie kinywani au mshipani. Kwa maumivu, parasetamoli.

Akigonga kichwa, akitapika damu au akipata choo cheusi, usingoje kuandika. Mpeleke Hospitali Kuu ya Rufaa saa hiyohiyo, hata usipoona jeraha.