Habari za Kubadili Simu na za Kununua Programu



Kila mwaka tumbaku ikiisha kuuzwa, na wakulima wakiisha kulipwa kwa njia ya vyama vyao vya ushirika, watu wa Usoke na Urambo huenda Tabora kununua haja zao: mabati, baiskeli, nguo za watoto, na siku hizi simu. Wala mara nyingi si simu ya kwanza. Mtu anayo moja tayari, naye ataka kuiacha ya namna hii apate kushika ya namna ile, kwa kuwa ameiona mkononi mwa mwenziwe akaipenda. Hapo ndipo latokea swali ambalo wainjilisti hutuuliza mara kwa mara: Je, nikihama, vile nilivyovilipia vitanifuata?

Tumeona vema kulijibu kwa urefu kidogo, maana katika simu ya mwinjilisti hamna michezo tu. Mna Biblia, mna nyimbo, mna majina ya watoto wa Kipaimara, na pengine mna hesabu ya sadaka ya mtaa mzima. Mtu akipoteza picha zake mwenyewe, hasara ni yake. Lakini akipoteza hesabu ya sadaka, usharika utamwuliza, naye atakosa neno la kujibu, hata kama mikono yake ni safi.

Kwanza yatupasa kujua ya kwamba simujanja zote, ijapokuwa majina yao ni mengi, zagawanyika katika nchi mbili. Nchi ya kwanza ni ya kampuni ya Apple ya Marekani, itengenezayo iPhone. Nchi ya pili ni ya Android, mfumo wa kampuni ya Google, nao hutumika katika simu za Samsung, Tecno, Infinix na nyingine nyingi. Kila nchi ina duka lake la programu. Apple walifungua duka lao tarehe 10 Julai 2008, na Google wakafungua la kwao mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Tangu mwaka 2012 laitwa Google Play. Basi mtu atokaye Tecno akaenda Samsung hakuhama nchi, amehama nyumba tu. Akiingia katika simu mpya kwa akaunti ile ile na neno lake la siri, programu alizozilipia atazipata tena pasipo kulipa mara ya pili. Ila atokaye Android akaenda iPhone, au atokaye iPhone akaenda Android, huyo amevuka mpaka.

(Tuseme na hili upesi: simu nyingi za Huawei zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2019 hazina duka la Google ndani yake, kwa sababu ya makatazo ya serikali ya Marekani. Kwa sura zafanana na jamaa zake, lakini anayezinunua ataona mlango umefungwa.)

Kwa nini mali haivuki mpaka? Sababu ni mbili. Ya kwanza, programu huandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja, na mfumo wa pili hauifahamu. Mtengenezaji akitaka watu wa nchi zote mbili waipate, hana budi kuitengeneza kwa namna mbili, kama vile mhubiri anenavyo Kinyamwezi hapa na Kiha kule, ingawa ujumbe ni mmoja. Ya pili, nayo ndiyo watu wengi hawaijui: anunuaye programu hanunui kitu, hununua ruhusa. Ruhusa hiyo huandikwa katika daftari la duka, chini ya jina la akaunti yake. Duka la pili halina daftari hilo, wala halilazimiki kuliamini.

Wazee wetu wa njia ya misafara wangalilielewa jambo hili mara moja. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji, ulichukua nguo za merikani na kaniki na shanga za namna nyingi, kwa kuwa shanga zilizotakiwa katika nchi hii zilikataliwa katika nchi ile. Mfanyabiashara aliyejaza mizigo yake shanga za rangi moja tu aliweza kufika mahali akiwa tajiri kwa hesabu yake mwenyewe, na huku hapati hata kuku wa kununua.

Tena Tabora yenyewe ina mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wadachi walipungukiwa na sarafu, wakapiga fedha zao katika mji wa Tabora. Nyingine zilikuwa za shaba, za heller 5 na za heller 20. Nyingine zilikuwa za dhahabu, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauingia mji, na serikali iliyozitoa fedha hizo ikaondoka. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki. Sasa tazameni tofauti. Sarafu ya dhahabu ilikuwa na thamani ndani yake yenyewe, maana dhahabu ni dhahabu kwa kila mfalme. Ile ya shaba thamani yake ilikuwa katika neno la aliyeitoa. Alipokwenda zake, neno lake lilikwenda pamoja naye.

Katika simu pia mna dhahabu na mna shaba, na yeye atakaye kuhama heri azitenge kwanza. Dhahabu ni vile ulivyovifanya wewe mwenyewe: majina na namba za watu, picha, barua, maandishi ya mahubiri, hesabu ulizoziandika. Hivyo vyaweza kwenda nchi yo yote, ikiwa vimechukuliwa kwa njia iliyo sawa. Shaba ni ruhusa ulizozinunua katika duka.

Habari za dhahabu tuzieleze kwa utaratibu, maana hapa ndipo watu waharibikiwapo. Majina na namba yafaa yahifadhiwe katika akaunti ya barua pepe, wala yasiachwe katika kumbukumbu ya simu peke yake. Ukiisha kuiingiza akaunti hiyo katika simu mpya, majina yatakuja yenyewe. Picha na maandishi yafaa yatolewe nakala katika kompyuta au katika kadi, kabla simu ya kale haijaguswa. Kwa watokao Android kwenda iPhone, Apple walitoa programu ya kuhamishia mwaka 2015, iitwayo Move to iOS, nayo hailipiwi. Huwekwa katika simu ya kale, kisha simu mbili huwekwa karibu karibu zikapashana mizigo.

Lakini mazungumzo ya WhatsApp ni jambo la peke yake, nalo limewaliza wengi. Nakala ya akiba ya WhatsApp iliyofanywa katika Android huwekwa kwa Google, na iPhone haiwezi kuifungua. Ya iPhone huwekwa kwa Apple, na Android haiwezi kuifungua. Mtu huona imeandikwa ya kwamba nakala ipo, akatulia, akaiuza simu ya kale, kisha asipate kitu. Tangu mwaka 2022 ipo njia halali ya kutoka Android kwenda iPhone, kwa programu ile ile ya Move to iOS. Walakini sharti ifanyike wakati iPhone ingali mpya kabisa, haijaanza kutumiwa, au imefutwa yote ikarudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Namba ya simu nayo lazima iwe ile ile. Aliyekwisha kuitumia iPhone yake juma moja, kisha akakumbuka mazungumzo ya kale, hana budi kuifuta na kuanza upya. Kutoka iPhone kwenda Android njia ilifunguliwa mwaka 2021, kwanza kwa Samsung, nayo yatumia waya wa kuunganisha simu mbili. Kwa hiyo shauri letu ni moja: simu ya kale isiuzwe wala isitolewe zawadi mpaka majuma mawili yamepita, na mwenyewe amekwisha kuona kwa macho yake kila kitu katika simu mpya.

Sasa tuje kwa shaba. Bwana wetu, katika Luka 14, alitoa mfano wa mjenzi wa mnara na hesabu yake, na hesabu ya hapa si ngumu. Tufanye ya kwamba mtu ana programu nne alizozinunua, kila moja kwa shilingi 10,000. Akivuka mpaka atalipa tena shilingi 40,000, ikiwa anazihitaji zote. Jumla hii aiongeze juu ya bei ya simu kabla hajatoka nyumbani. Mara nyingi ataona ya kwamba mbili kati ya hizo hakuzifungua tangu mwezi alipozinunua.

Wengine hutuuliza fedha hiyo yaenda wapi. Tangu mwanzo desturi ya maduka haya mawili ilikuwa kuchukua sehemu 30 katika kila 100, na zilizosalia kumpa mtengenezaji. Tangu mwaka 2021 wamepunguza kwa watengenezaji wadogo, nao huchukua 15. Sisi hatuoni kosa kulipia kazi ya mtu. Aliyekesha akiandika programu astahili ujira wake kama alimaye shamba. Twalaumu tu ununuzi wa pupa.

Iko namna ya malipo iliyo na hatari kuliko hiyo, nayo ni malipo ya kila mwezi. Programu hutolewa bure kwa siku saba, kisha hukata fedha mwezi kwa mwezi. Shilingi 5,000 kwa mwezi yaonekana kuwa ndogo, lakini kwa mwaka ni 60,000. Na hapa twaomba msomaji asome polepole: kuifuta programu katika simu si kukata malipo. Aliyelipa kwa duka la Apple sharti akate kwa Apple, na aliyelipa kwa Google sharti akate kwa Google, kabla ya kuhama. La sivyo atakuwa anakaa nchi ya pili, naye angali akilipa kodi ya nyumba katika nchi ya kwanza. Mwenye watoto aiagize simu iulize neno la siri kwa kila ununuzi, kwa kuwa mtoto achezaye hajui tofauti ya kubonyeza na kulipa.

Ziko programu ambazo hazina shida hii hata kidogo. Biblia ya YouVersion iliingia katika duka la Apple siku ile lilipofunguliwa mwaka 2008, nayo hailipiwi katika nchi zote mbili. Mistari uliyoitia alama hukaa katika akaunti yako, si katika simu. Ukiingia kwa jina lile lile utaikuta. Basi mwinjilisti anayetaka kuandika maelezo ya mahubiri katika programu yo yote, aulize kwanza: maneno yangu yatakaa wapi? Programu nyingi za nyimbo zilizotengenezwa na watu binafsi hukaa katika simu tu, na maelezo yaliyoandikwa humo hufa pamoja na simu. Kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu cha karatasi kisitupwe.

Kuhusu fedha za M-Pesa na nyingine za namna hiyo, wengi huogopa bure. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, siku ambazo simujanja zilikuwa chache sana katika nchi zetu. Kwa sababu hiyo haikufungwa na simu bali na laini. Laini ikihamishwa katika simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, fedha zipo. Ila kubadili mtandao ni jambo jingine. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtu wa Tanzania aweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake, lakini fedha zilizo katika akaunti ya kampuni ya kale hazihami na namba. Yampasa azitoe kwanza. Mtunza hazina wa usharika na akumbuke hili.

Limebaki neno la simu zilizokwisha kutumika, maana wengi wa Usoke hununua hizo kwa kuwa bei yake ni nafuu. Tangu mwaka 2013 iPhone ina kufuli ambalo huishika kwa akaunti ya mwenyewe hata ikifutwa yote. Simu yenye kufuli hilo haiwashiki kwa kazi, na fundi asemaye ya kwamba atalifungua kwa fedha kidogo asiaminiwe. Mnunuzi adai simu iwashwe mbele yake tangu mwanzo mpaka mwisho, aweke laini yake, apige, ndipo atoe fedha. Atazame pia tundu la chaji: iPhone tangu namba 15, iliyotoka mwaka 2023, hutumia waya wa aina ya C kama simu nyingi za Android, bali zilizotangulia zina waya wa peke yake, na vibanda vingi vya kuchajia kwa umeme wa jua vijijini huenda havina waya huo.

Na yeye aiuzaye simu yake afanye kazi yake kwa zamu hii: atoe nakala, akate malipo ya kila mwezi, azime iMessage ikiwa ni iPhone, kusudi ujumbe wake usiendelee kwenda kwa Apple, kisha atoke katika akaunti yake, ndipo aifute yote. Akiifuta kabla ya kutoka katika akaunti, kufuli litabaki, na mnunuzi atarudi kesho yake akigonga hodi.