Hesabu Vitenzi, Usihesabu Maneno

Mwanafunzi akiulizwa kama sentensi ya Kiingereza ni sahili, ambatano au changamano, mara nyingi hutazama urefu wake. Au huona "and", akaandika haraka: ambatano. Yote mawili humpotosha.

Chukua kalamu, upigie mstari kila kitenzi chenye wakati. "To buy" usiihesabu, wala "buying" isiyo na kitenzi kisaidizi kama "is" au "was". Kisha uliza: nani kafanya? "The old man from the village near the lake sells fish and rice" ni ndefu, lakini kitenzi ni kimoja tu, "sells". Hiyo ni sahili. "And" imeunganisha samaki na mchele, basi.

Hapa Kiswahili chetu hutuponza. Katika "Juma alikula akalala", kila kitenzi kimebeba kiambishi chake cha nafsi. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Katika "Juma ate and slept" vitenzi viwili vinagawana kiima kimoja, na sarufi ya shuleni huihesabu kuwa sahili. Andika "Juma ate and he slept", imekuwa ambatano kwa herufi mbili tu.

Ukipata vishazi viwili, yaani kila kitenzi na kiima chake, tazama kinachoviunganisha. "And", "but", "or", "so" na "yet" huunganisha vishazi vilivyo sawa: ambatano. "Because", "although", "if" na "when" hukifanya kimoja kiegemee kingine: changamano. Mwambie mtu "Because it rained" kisha unyamaze, atakungoja umalizie. "Before" na "after" zichunguze vizuri. "We left before noon" ni sahili. "We left before the rain started" ni changamano, maana mvua ina kitenzi chake.

Inayowakwaza wengi, kwa maoni yangu, ni hii: "The book I bought is torn." Kiunganishi hakionekani, lakini vitenzi ni viwili, "bought" na "is", na kila kimoja kina kiima chake. "That" imedondoshwa. Itafsiri: kitabu nilichonunua kimechanika. Ile "-cho-" ndiyo inayokufichulia kishazi tegemezi ambacho Kiingereza kimekificha. Kwa hiyo sentensi ikikutatiza, itafsiri kwanza, utafute "-ye-", "-cho-", "-lo-" au "amba-", kisha urudi kwenye Kiingereza uhesabu vitenzi upya.